Wabunge wa jimbo bila bunge: nani anauliza kwa niaba ya Manguredjipa?

Usiku wa tarehe 8 kuamkia 9 Septemba 2025, watu wa Ntoyo, kijiji kilicho karibu na Manguredjipa katika wilaya ya Lubero, walikuwa wamekusanyika kwenye kilio. Waasi wa ADF waliwakuta hapo hapo. Kulipokucha, waliohesabiwa kuwa wameuawa walikuwa zaidi ya 60.

Siku zilizofuata zilipita kwa namna ambayo sisi wa Butembo na Beni tumeizoea. Msimamizi wa kijeshi wa wilaya alizungumza na waandishi wa habari. Shirika la raia lilitoa hesabu yake ya wafu. Serikali ililaani. Walionusurika walibeba magodoro na watoto wakashika njia.

Lakini kuna mtu mmoja ambaye, kwa mujibu wa Katiba, alipaswa kusimama mbele ya serikali ya jimbo na kuuliza: askari walikuwa wapi, onyo lilitolewa lini, nani hakulifuata? Mtu huyo ni mbunge wa jimbo. Hakusimama, kwa sababu hana mahali pa kusimama. Bunge la jimbo la Kivu ya Kaskazini halijaketi tangu Mei 2021.

Makala hii inajaribu kueleza jinsi kazi ya mbunge wa jimbo ilivyokatika katika sehemu zetu, na kwa nini hasara hiyo inaonekana zaidi Manguredjipa kuliko Kinshasa.

Kazi yenyewe ni ipi?

Tuanze na Katiba ya 18 Februari 2006. Kifungu cha 197 kinasema bunge la jimbo ndilo linalojadili mambo ya jimbo na kusimamia serikali ya jimbo pamoja na huduma za umma. Wabunge wake huchaguliwa moja kwa moja na raia kwa muhula wa miaka mitano. Wachache, wasiozidi sehemu moja ya kumi, huingia kwa kuteuliwa kutoka kwa wakubwa wa mila.

Kwa lugha ya kawaida, mbunge wa jimbo ana kazi nne. Anapiga kura kumchagua gavana. Anapiga kura kuwachagua maseneta wanaokwenda Kinshasa. Anapitisha bajeti na sheria za jimbo. Na anaweza kumwita gavana au waziri wa jimbo amjibu, na akiona majibu hayatoshi, akashirikiana na wenzake kumwondoa.

Kazi hiyo ya nne ndiyo inayomgusa mkulima wa Bapere. Barabara ya Butembo kwenda Manguredjipa ni karibu kilomita 100. Kipindi cha mvua, lori linaweza kulala kwenye matope siku kadhaa, na bei ya sabuni na chumvi ikapanda kule mwisho wa njia. Nani anasimamia pesa za kutengeneza barabara kama hiyo? Nani anauliza ushuru unaotozwa kwenye vizuizi unaingia mfuko gani? Jibu la Katiba ni bunge la jimbo.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hulisahau. Tangu Katiba hiyo ianze, uchaguzi wa washauri wa sekta na wa usultani haujafanyika kamwe. Desemba 2023, uchaguzi wa washauri wa komini ulifanyika katika miji mikuu ya majimbo tu. Maana yake, kwa mkaaji wa Manguredjipa, katika ngazi zote zilizo chini ya jimbo hakuna hata mtu mmoja aliyemchagua kwa kura yake. Mbunge wa jimbo ndiye mchaguliwa wake wa karibu kabisa. Akiondolewa huyo, anayebaki ni mbunge wa taifa, na huyo anakaa Kinshasa.

Kumi na mbili, miwili, sifuri

Tukitazama nyuma, tumechagua wabunge wa jimbo mara tatu. Kila kundi lilipata bahati yake, na hakuna hata moja lililofanya muhula wa miaka mitano kama Katiba inavyotaka.

Kundi la kwanza lilichaguliwa tarehe 29 Oktoba 2006. Tukumbuke tulikotoka. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1990 hadi 2003, Beni, Butembo na Lubero zilikuwa chini ya RCD-K/ML ya Mbusa Nyamwisi, yenye askari wake na ushuru wake. Wakati huo njia ya siasa ilipita kwenye bunduki: aliyekuwa na askari ndiye aliyealikwa mezani. Mbusa mwenyewe aliingia serikali ya mpito mwaka 2003 kama waziri wa ushirikiano wa kikanda, na mwaka 2007 akawa waziri wa mambo ya nje. Kura ya 2006 ilikuwa mara ya kwanza kwa raia wa sehemu hizi kuona kwamba mtu anaweza kupanda kwa karatasi, bila kuwa na kikosi.

Wabunge hao wa kwanza walimchagua Julien Paluku, mtoto wa Lubero, kuwa gavana Januari 2007. Muhula ulipaswa kumalizika mwanzoni mwa 2012. Haukumalizika. Mwaka 2011 tulimchagua rais na wabunge wa taifa, lakini uchaguzi wa majimbo haukufanyika, mwaka ule wala miaka iliyofuata. Wabunge wa 2006 walibaki vitini mpaka 2019: miaka 12 kwa kura moja. Kijana wa Manguredjipa aliyekuwa na miaka sita walipochaguliwa alifikisha umri wa kupiga kura wangali kazini.

Kundi la pili lilichaguliwa vipande vipande. Lubero, pamoja na Manguredjipa, ilipiga kura tarehe 30 Desemba 2018. Mji wa Beni, wilaya ya Beni na mji wa Butembo zilizuiwa na CENI kwa sababu ya Ebola na usalama mdogo, zikapiga tarehe 31 Machi 2019, rais mpya akiwa tayari ameapishwa. Mwaka 2019 bunge hilo lilimchagua Carly Nzanzu Kasivita kuwa gavana.

Halafu tarehe 3 Mei 2021 Rais Félix Tshisekedi alitangaza hali ya dharura ya kijeshi, ile tunayoiita sote état de siège, katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Ilianza kazi tarehe 6 Mei. Gavana wa raia aliondoka, jenerali akaingia, bunge la jimbo likasimamishwa. Kundi la pili lilikuwa limefanya kazi miaka miwili na kidogo. Muhula wake ulimalizikia nyumbani.

Kundi la tatu lilichaguliwa Desemba 2023. Kampeni ilifanyika, picha zilibandikwa ukutani, fulana ziligawiwa. Masisi na Rutshuru hazikupiga kura kwa sababu ya vita ya M23. Lubero ilipiga. Matokeo yalitangazwa na majina yakasomwa. Lakini bunge halikufunguliwa, kwa kuwa hali ya dharura bado ipo. Hawa wana jina la mbunge wa jimbo, na mpaka leo hawajapitisha bajeti wala kumwita gavana hata mara moja.

Miaka 12, miaka miwili, sifuri. Hiyo ndiyo historia fupi ya kazi hii kwetu.

Mbunge asiye na bunge anafanya nini?

Mwanasiasa haishi bila kuonekana. Bunge likifungwa, anatafuta mahali pengine pa kusimama, na njia zilizo wazi mbele yake ni chache.

Njia ya kwanza ni redio na simu. Mbunge anakuwa msemaji. Kila kukitokea mauaji anatoa tangazo, analaani, anaomba serikali ifanye kitu. Hilo lina faida yake, kwa sababu bila sauti hizo habari nyingi za Bapere zisingevuka Njiapanda. Lakini tangazo halimlazimishi mtu kujibu. Swali lililoulizwa bungeni lina siku ya kujibiwa, lina karatasi, na lina adhabu kwa asiyejibu.

Njia ya pili ni kuwa mfadhili. Anatoa mabati kwa kanisa, analipia wagonjwa, anatuma magunia ya mchele kwa wahami. Raia wanashukuru, na ni haki yao kushukuru. Ila polepole tunaanza kumpima mchaguliwa kwa mkono wake na kusahau kazi tuliyomtuma. Mwenye pesa anakuwa mbunge mzuri, asiye nazo anakuwa mbaya, hata kama ndiye anayeisoma bajeti.

Njia ya tatu ni kwenda Kinshasa. Wenye nguvu wanaruka ngazi: wanatafuta ubunge wa taifa, uwaziri, au nafasi kwenye ofisi ya mkubwa. Julien Paluku, baada ya kuwa gavana kuanzia 2007 mpaka 2019, aliingia serikali ya taifa kama waziri wa viwanda, kisha akapewa biashara ya nje mwaka 2024. Si kosa mtu kupanda. Lakini ngazi ya kati ikivunjika, vijana wenye akili ya siasa hawatajifunza kazi nyumbani. Watajifunzia kwenye vyumba vya kungojea vya Kinshasa, ambako anayekupandisha ni mkubwa wa chama na kura ya Manguredjipa haimo.

Kwa nini Bapere ndiyo inayoumia zaidi

Lubero ina usultani tatu, Bamate, Baswagha na Batangi, na sekta moja, Bapere. Kwa uchaguzi wa jimbo, wilaya nzima ni jimbo moja la kura. Mgombea anaweza kukusanya kura zake zote kwenye milima yenye watu wengi, kando ya barabara ya Butembo-Goma, bila kukanyaga Manguredjipa. Bapere ni msitu mkubwa, vijiji viko mbali, na vituo vya kupigia kura havifikiki kwa urahisi. Kwa hesabu ya kampeni, safari ya Manguredjipa ni ghali kwa kura chache.

Hata hivyo, Bapere ndiko kwenye dhahabu. Wakoloni walichimba huko, na leo wachimbaji wa mikono wanaendelea. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inasema mrabaha unaolipwa na makampuni yenye hati ugawanywe hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa sekta au usultani ambako mgodi upo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Lakini dhahabu ya mchimbaji wa mikono haipiti njia hiyo. Inatoka mfukoni kwa mfuko, kituo kwa kituo, na kila kituo kinakata chake. Kufuatilia nani anakata nini ni kazi ya kamati ya bunge la jimbo. Kamati hiyo haipo. Na tujue kwamba kwenye dhahabu isiyo na hesabu, bunduki haikosi kufika.

Halafu usalama. Vita dhidi ya ADF ilipoanza kusukumwa na FARDC na jeshi la Uganda, walioanza operesheni ya pamoja tarehe 30 Novemba 2021, waasi hawakuisha. Walitawanyika, na wengine walielekea magharibi, kwenye msitu wa Bapere. Juni 2024 watu wapatao 40 waliuawa Mayikengo. Septemba 2025 ikawa Ntoyo. Novemba 2025 ikawa Byambwe, ambako hata wagonjwa ndani ya kituo cha afya waliuawa. Hali ya dharura iliyotangazwa kulinda raia imeuona moto ukihama kutoka pembe moja ya jimbo hadi nyingine.

Hoja ya upande wa pili

Ni haki kusikiliza wanaotetea hali ya dharura. Wanasema vita haipiganwi kwa mijadala. Wanasema kamanda akiitwa bungeni kila wiki, adui anapata nafasi. Wanasema pia kwamba wabunge wa jimbo wenyewe hawakutupa sababu kubwa ya kuwalilia.

Hoja hiyo ya mwisho ina uzito. Machi 2019, uchaguzi wa maseneta ulileta kelele nchi nzima: wabunge wa majimbo walishutumiwa kuuza kura zao, mpaka Rais Tshisekedi akasimamisha kwa muda kuapishwa kwa maseneta wapya. Kila mtu hapa anajua pia kwamba hoja ya kumwangusha gavana au waziri mara nyingine hupikwa kwa sababu zisizomhusu raia. Bunge la jimbo halikuwa kanisa.

Lakini tuulize kinyume chake. Kama mbunge alikuwa anauza kura yake, tulijua. Tuliweza kumtaja, kumzomea sokoni, na kumnyima kura. Leo bajeti ya jimbo haipitishwi wala kukaguliwa na mtu yeyote tuliyemchagua. Gavana wa kijeshi, na sasa ni Meja Jenerali Évariste Somo Kakule, anawajibika kwa aliyemteua. Hata akiwa mtu mwema, anayefanya kazi mchana na usiku, mkulima wa Manguredjipa hana mlango wa kugonga.

Tukumbuke pia kwamba Katiba iliifanya dharura iwe kitu cha muda mfupi: siku 30, kisha nyongeza za siku 15 zinazopaswa kuidhinishwa. Tangu 2021 hali hii imerefushwa zaidi ya mara 100. Agosti 2023 meza ya mazungumzo iliitishwa Kinshasa kuipima, na tarehe 12 Oktoba mwaka huo Rais alitangaza kwamba italegezwa hatua kwa hatua. Zaidi ya miaka miwili imepita, na bunge la jimbo halijafunguliwa.

Hata ukumbi wenyewe uko mbali

Mwaka 2025 uliongeza tatizo jipya. Mwisho wa Januari Goma iliingia mikononi mwa AFC/M23, na utawala wa jimbo ukahamia Beni. Tangu Juni 2024, Kanyabayonga na Kirumba, miji mikubwa ya kusini ya Lubero, ziko chini ya M23. Kwa hiyo hata hali ya dharura ikiondolewa kesho, wabunge hawataweza kwenda kwenye ukumbi wao wa Goma, na baadhi yao hawawezi kufika kwa waliowachagua.

Wengine wanasema hiyo ndiyo sababu ya kungoja amani kwanza. Mimi naona ni kinyume. Serikali ya jimbo ilihamia Beni ikafanya kazi. Kama ofisi ya gavana imeweza kuhama, ukumbi wa wabunge unaweza kuhama pia. Na upande wa pili, AFC/M23 imeweka magavana wake na wakubwa wake bila kumuuliza raia. Kama upande wa Jamhuri nao hauna bunge linaloketi, tutamweleza nini kijana wa Lubero kuhusu tofauti?

Kuuliza nini, na kumuuliza nani

Raia hana uwezo wa kuondoa hali ya dharura. Lakini kuna mambo ambayo anaweza kuyadai tangu leo.

La kwanza ni kwa wabunge wa taifa wa Lubero, Beni na Butembo. Kila dharura inapofika mezani ili irefushwe, wao wana kura. Tuwaulize hadharani walipiga vipi, na walidai nini kabla ya kupiga. Mbunge anayelaani mauaji Jumatatu kwenye redio na kunyamaza Alhamisi kura inapopita ana deni la maelezo.

La pili ni kwa wabunge wa jimbo wa 2023. Kutoketi hakuzuii kuandika. Wanaweza kukusanya maswali ya Manguredjipa, Njiapanda na vijiji vingine, wakayapeleka kwa barua kwa gavana, na kutangaza jibu likija au likikosa kuja. Wanaweza kwenda pamoja, wa vyama vyote, kudai kwamba angalau uthibitisho wa mamlaka yao na kamati za kukagua pesa ziruhusiwe, hata vita ikiendelea. Kupigana na ADF hakuhitaji bajeti ya barabara ifichwe.

La tatu ni kwetu sisi wapiga kura. Muhula wa tatu nao utakwisha. Wagombea watakuja tena na fulana na chumvi. Swali la kuwauliza si wataleta nini. Tuwaulize: bunge likifungwa tena, utafanya nini siku ya kwanza? Na ulifanya nini miaka hii tulipozika watu wa Ntoyo?

Waswahili walisema asiyekuwepo na lake halipo. Mezani ambako pesa, askari na barabara za jimbo hugawanywa, Manguredjipa haina mtu. Ilimtuma mtu wake kwa kura, tena mara tatu. Mlango ndio uliofungwa.